Ufito Mrefu Haukulengei

Ndugu wapiga mishale, makocha wenzangu, na nyinyi wazazi mliokaa huko nyuma mkizitazama hizi fimbo nyeusi kwa jicho la mwenye pochi, habari za asubuhi.

Nimeombwa nieleze namna ya kuchagua stabilaiza bora ya upinde, yaani zile fito zenye vyuma nchani zinazofungwa kwenye upinde ili utulie. Nianze kwa kumkatalia mwandaaji, naye ni rafiki yangu, atanisamehe: stabilaiza bora haipo. Upo upinde unaofanya vituko fulani mkononi mwako wewe, na upo ufito wenye uzito fulani unaoweza kuvichelewesha vituko hivyo mpaka mshale uwe umekwisha kuondoka. Basi. Ufito haukulengei, wala haukushikii upinde, wala haumnyooshi aliyezoea kukunja kiwiko. Anayelijua hili huchagua kwa kuutazama upinde wake. Asiyelijua huchagua kwa kumtazama bingwa kwenye televisheni, akaenda akanunua vilevile, kisha akashangaa bega linamuuma.

Nimesema kuchelewesha. Kuchelewesha kwa muda gani? Mfupi kuliko wengi wanavyodhani. Ukiuachia upote, yaani kamba, wa upinde wa Olimpiki, mshale husukumwa kwa takriban sehemu 15 hadi 20 za elfu za sekunde kabla ya kuachana nao. Jicho likiona kosa, ubongo na misuli huhitaji kama sehemu 200 za elfu za sekunde kuitikia. Kwa hiyo ukishaachia, umeachia. Hakuna binadamu anayerekebisha kitu hapo. Kinachobaki ni swali moja: ndani ya kipindi hicho upinde umezunguka kiasi gani? Na utazunguka tu, kwa sababu vidole haviuachi upote kwa unyoofu kamili, na kiganja hakisukumi mpini katikati kabisa.

Sasa pimeni uzito wa kosa lenyewe. Kutoka jichoni hadi kwenye kitone cha kulengea ni kama sentimita 90. Shabaha ya Olimpiki iko mita 70. Fanyeni hesabu wenyewe: kitone kikisogea milimita 1 tu, mshale unasogea karibu sentimita 8 kule mbele. Duara la kumi kwenye karatasi ile ya sentimita 122 lina kipenyo cha sentimita 12.2, yaani kutoka kitovuni hadi ukingoni ni sentimita 6.1. Milimita moja imeshakutoa nje ya kumi. Wale mliotazama fainali ya wanaume mjini Paris mwaka 2024 mnakumbuka Kim Woo-jin wa Korea Kusini na Brady Ellison wa Marekani walivyofungana hadi wakapigiana mshale mmoja mmoja wa kuamua. Wote wawili walipata kumi. Kim alichukua dhahabu kwa sababu mshale wake ulikuwa karibu zaidi na kitovu kwa milimita 4.9. Rudisheni milimita hizo kwenye kitone cha kulengea, mtakuta hazifiki hata sehemu moja ya kumi ya milimita. Huko ndiko tunakofanyia kazi.

Wazo la kufunga uzito kwenye upinde si la kale. Watu wamepiga mishale kwa maelfu ya miaka bila ufito wowote, na wakala nyama. Mtengeneza pinde wa Marekani, Earl Hoyt, ndiye aliyezileta stabilaiza sokoni mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1972 mchezo wetu uliporejea Olimpiki, kule Munich, baada ya kukosekana tangu 1920, ulikuta upinde wa mashindano umeshaanza kuota pembe.

Hapa mezani nina mti wa mita moja na nusu na vyuma viwili vyenye matundu, vinavyoteleza juu yake. Dada wa mstari wa mbele, hebu njoo. Shika mti katikati. Nimevisogeza vyuma vyote viwili karibu na mkono wako. Uzungushe kushoto na kulia, haraka haraka. Rahisi, siyo? Sasa navipeleka vyuma hivyohivyo hadi kwenye ncha. Zungusha tena. Mmeuona uso wake? Uzito haujabadilika hata gramu moja. Kilichobadilika ni umbali. Asante dada, kaa, na utunyooshee mkono usije ukatusingizia baadaye.

Mafundi wa fizikia wana kanuni yake: ukaidi wa kitu kuzunguka, yaani inesha yake ya mzunguko, ni uzito ukizidishwa kwa umbali, kisha ukizidishwa kwa umbali mara ya pili. Chukua gramu 100, ziweke sentimita 75 mbele ya mkono. Sasa chukua gramu hizohizo, ziweke sentimita 25. Umbali umepungua mara tatu, lakini ukaidi umepungua mara tisa. Ukitaka ufito mfupi ufanye kazi ileile, itabidi ufunge gramu 900. Nani atainua hiyo kutwa nzima? Ndiyo maana ufito wa mbele ni mrefu, na ndiyo maana mwenye akili huanza na urefu kabla ya kuongeza vyuma.

Lakini urefu nao una masharti. Upinde huzunguka kwa namna tatu, na hapa naomba umakini, kwani ndipo pesa nyingi hupotelea. Kwanza pua ya upinde hupanda na kushuka. Pili, pua hugeuka kushoto na kulia. Tatu, upinde wote hulala ubavu, bawa la juu likaelekea kulia na la chini kushoto, au kinyume chake. Ufito mrefu wa mbele unazizuia vizuri mbili za kwanza. Ya tatu hauigusi kabisa! Upinde ukilala ubavu, ufito wa mbele unajizungusha papo hapo kwenye mhimili wake, na ule umbali wote uliolipia haukusaidii chochote.

Na ya tatu si ndogo. Chukueni mshale unaotoka kwa mita 60 kwa sekunde. Katika mita 70 mvutano wa dunia unauangusha karibu mita 7, na sisi tunafidia kwa kuupiga ukiwa umeinuka. Upinde ukilala digrii 1 tu, lile inuko nalo linalala, na mshale unakwenda pembeni kama sentimita 12. Digrii moja, jamani. Ukilala digrii hiyohiyo kila mshale hakuna shida, utasogeza kitone na maisha yataendelea. Balaa ni kulala leo hivi, kesho vile. Wenzetu wa kompaundi, ule upinde wenye kapi kwenye ncha za mabawa, wanaruhusiwa pimamaji kwenye kitone, wanaona povu likitoka katikati. Sisi wa upinde wa Olimpiki kanuni zinatukataza. Tunachobaki nacho ni hisia ya mkono, na fito za pembeni.

Hapo ndipo fito za pembeni zinapata kazi. Mbili, fupi, kwa kawaida inchi 8 hadi 15, zinafungwa kwenye kiungo chenye umbo la V, zikielekea nyuma na nje. Kwa kuwa zimetanuka, upinde ukitaka kulala ubavu zinaukatalia. Watu wengi wanaamini kazi yake kubwa ni kuupa ufito mrefu mzani, kwamba mbele kuna uzito basi na nyuma kuwe na uzito. Kwa upinde wa Olimpiki hesabu haikubaliani nao sana. Kiungo cha V mara nyingi kinakaa mbele ya kirefusho, yaani kipande kifupi kinachofungwa kati ya mpini na ufito wa mbele, cha inchi 4, tuseme sentimita 10. Ufito wa pembeni wa sentimita 25 ukitanuliwa digrii 45 unarudi nyuma kama sentimita 18. Toa zile 10 za kirefusho, unabaki na 8 nyuma ya mahali kirefusho kilipofungwa, yaani pale pale karibu na kiganja chako. Vyuma vya pembeni vyenye gramu 300 kwa sentimita 8 vinatoa 2400. Mbele una gramu 100 kwa sentimita 85, ambazo ni 8500. Huo si mzani. Ndiyo sababu upinde wa Olimpiki ukishaachiwa huinamisha pua mbele, ukaning'inia kwenye kamba ya kidole. Haujaharibika. Ndivyo ulivyofungwa.

Sasa geukeni kwa wenzetu wenye kapi kwenye ncha za mabawa. Wao hufunga ufito wa nyuma moja kwa moja kwenye mpini, chini, bila kirefusho, ukielekea nyuma karibu sawasawa. Ufito wa sentimita 30 unawapa kama sentimita 28 za kweli. Gramu 300 kwa 28 ni 8400. Mbele gramu 100 kwa 75 ni 7500. Hapo mizani inakaribiana, ndiyo maana utawasikia wakisema nyuma iwe mara mbili au mara tatu ya mbele. Kwa fito zao wana haki. Ukiichukua kauli hiyo ukaipachika kwenye upinde wako wa Olimpiki wenye kirefusho na V, umebeba vyuma vya jirani kwa bega lako. Na wao kwa kawaida hutumia ufito mmoja tu wa nyuma, upande wa kushoto kwa anayevuta kwa mkono wa kulia, kwa sababu kitone na mkono wake wa chuma vinaning'inia upande wa kulia wa mpini. Wanaazima uzito wa nyuma kusawazisha na ubavu. Akili nzuri hiyo.

Kuhusu kununua sasa.

Anza na ufito wa mbele peke yake. Inchi 26 hadi 33 ndiyo safu ya kawaida kwa mashindano ya uwanjani. Mtu mfupi, asiyeuvuta upote mbali, abaki chini, mrefu apande. Mwindaji msituni yeye hawezi kutembea na bomba lote hilo vichakani, anatumia la inchi 6 hadi 12 na anajua alichokipoteza.

Kabla ya urefu, hata kabla ya uzito, angalia ugumu. Kumbukeni ule muda wa sehemu 15 hadi 20 za elfu za sekunde. Ufito ukiwa laini, upinde unaanza kuzunguka, ufito unapinda, na chuma kule mbele hakijapata hata habari. Kinapopata habari mshale umeshaondoka. Yaani umefunga uzito ambao kwa wakati unaouhitaji haupo. Ndiyo maana fito nzuri hutengenezwa kwa nyuzi za kaboni: ni ngumu, na zenyewe ni nyepesi, kwa hiyo uzito wako unabaki kule nchani unakoutaka. Kujaribu ni rahisi. Funga ufito na vyuma vyake, inua upinde, lenga, halafu mwombe mwenzako agonge ncha ya ufito kwa kidole. Ikiendelea kucheza wakati mpini umetulia, ufito huo hauwezi uzito huo. Ama punguza vyuma ama tafuta ufito mwingine.

Unene ni suala la upepo. Ufito mnene ni mgumu kwa bei nafuu, lakini upepo wa ubavu unaushika kama tanga, na kwa kuwa uko mbali na mkono, nguvu ndogo inakuwa msokoto mkubwa. Ufito mwembamba wa kaboni nzuri hupasua upepo. Unayepiga ndani ya ukumbi, mita 18, huna haja ya kulipia wembamba. Nawaambia wazazi hasa.

Skrubu zisiwasumbue: karibu soko zima linatumia kipimo kimoja cha uzi, inchi 5/16 zenye meno 24 kwa inchi. Ufito wa kampuni moja unaingia kwenye mpini wa kampuni nyingine. Basi msikubali kuambiwa lazima mnunue seti nzima ya jina moja.

Vyuma vya nchani kwa kawaida huuzwa kwa wakia, na wakia moja ni gramu 28 hivi. Nunua vidogo vingi, siyo kikubwa kimoja. Chuma cha wakia nne ni uamuzi. Vyuma vinne vya wakia moja ni majaribio.

Na hapo tumefika kwenye uzito, na kwenye mwili. Mkono uliolenga una mitikisiko ya aina mbili. Upo mtetemeko wa haraka wa misuli, mara 8 hadi 12 kwa sekunde, ambao kila mtu mzima wa afya anao. Na ipo hali ya kuelea polepole, kitone kinatoka kwenye njano, kinazurura kwenye nyekundu, kinarudi. Uzito mbali na mkono unaufisha ule wa haraka. Kuelea hauwezi kukuondolea. Zaidi ya kiasi fulani unakuongezea, kwa sababu bega limeanza kuchoka. Hii ndiyo dalili ya kuisoma. Kitone kikicheza haraka haraka kama kimepagawa, ongeza. Kikitulia lakini kinazama, na wewe unakivuta juu, kinazama tena, punguza, hasa mbele. Sitawapa namba ya gramu. Upinde wa Olimpiki uliofungwa kila kitu huwa na kilo 2.5 hadi 3 hivi, wa kompaundi huzidi hapo, lakini namba hizo ni za upinde. Za bega lako unazijua wewe.

Niseme jambo dogo ambalo huwachanganya hata makocha. Mtu anashika upinde kwa mkono mmoja, haujavutwa, anaona pua inaanguka, anasema: mbele ni pazito. Huo si upimaji. Upinde ukishavutwa, umebanwa kati ya upote na kiganja kwa nguvu ya kilo 15, 20 na zaidi, na mkao wake unabadilika kabisa. Uzito wa mbele uliokuwa unaangusha pua sasa unahisika kama utulivu. Pimeni upinde ukiwa umevutwa, au hamkupima.

Namna yangu ya kupima ni hii, na yeyote mwenye bora zaidi atatuambia baadaye. Kwanza vua fito zote. Piga mishale michache karibu, mita 10, ili uonje upinde mtupu unafanya nini. Unaelekea wapi ukiachiwa, unalala upande gani. Mwenzako akurekodi kwa simu, mara kutoka nyuma, mara kutoka ubavuni, kwa mwendo wa polepole kama simu yake inao. Kisha funga ufito wa mbele na wakia mbili au tatu. Rudi umbali wako wa kawaida.

Lenga bila kuachia. Vuta, tulia, hesabu polepole hadi ulipozoea kuachia, shusha. Usitazame kama kitone kiko katikati, tazama kinavyotembea. Fanya hivyo mara kadhaa, kisha fumba macho wakati umevuta, tulia, fumbua. Upinde umelala? Upande gani? Ukiona kila ukifumbua umelalia kulia, hapo ndipo fito za pembeni zinaingia, na pengine ya kushoto ikahitaji wakia zaidi ya ya kulia. Hakuna sheria inayosema lazima zilingane. Nimewaona wapigaji wanaobeba pande zisizolingana na kuomba radhi kwa hilo, kana kwamba upinde ni mkufu wa arusi. Upinde hauangaliwi kwa ulinganifu, unaangaliwa kwa mishale.

Kisha piga. Siyo mshale mmoja, siyo mizunguko miwili. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, ama wakia moja, ama pembe ya V, ama kirefusho, na uandike. Ukibadilisha vitatu kwa mpigo na mishale ikakusanyika vizuri, hujui kilichokusaidia; ikitawanyika, hujui cha kulaumu. Tazama umbo la mtawanyiko kuliko idadi ya pointi. Mishale ikitanuka kushoto na kulia, kagua kwanza kiganja kwenye mpini, kisha kulala kwa upinde, ndipo uguse fito. Ikitanuka juu na chini, mara nyingi ni uachiaji au nguvu ya kuvuta inayopungua, na ufito mzito wa mbele unaweza kuwa ndio unaokuchosha. Ushahidi ninaouamini mimi ni mishale ya mwisho ya siku. Asubuhi kila mtu ni shujaa wa vyuma. Kama mishale ya jioni inashuka chini ya ile ya asubuhi, upinde wako ni mzito, hata kama asubuhi ulipiga kumi mfululizo.

Ukibadilisha uzito mwingi, jaribu tena mishale yako na upange kitone upya, kwa sababu upinde mzito zaidi unaitikia tofauti mkononi na alama zako za zamani huenda zikahama kidogo. Usidhani umeharibu kitu.

Ile mipira laini inayowekwa kati ya ufito na chuma ili kufyonza mtetemo inapendwa sana, na sauti ya upinde inakuwa nzuri kweli. Lakini mtetemo unaousikia unakuja mshale ukiwa umeshakwenda. Mpira unakusaidia kiwiko, bega, na skrubu za kitone zisilegee. Pointi hauongezi. Ukiweka vyuma vizito juu ya mpira laini, chuma kinaning'inia, kinacheza, na umerudi kwenye lile tatizo la ufito laini. Chagua mpira mgumu kiasi, au acha.

Kanuni kwa ufupi. Shirikisho la dunia, World Archery, linaruhusu stabilaiza kwenye upinde wa Olimpiki na wa kompaundi, mradi zisiuongoze upote, zisiguse kitu kingine chochote isipokuwa upinde, na zisimzuie wala kumhatarisha jirani kwenye mstari. Hilo la mwisho msilichukulie kijuujuu. Mwenye fito za pembeni zilizotanuka sana kwenye mstari uliobanana anamgonga mwenzake akiwa amevuta. Wanaoshindana katika daraja la upinde mtupu hawaruhusiwi stabilaiza. Wanaruhusiwa kuongeza uzito kwenye mpini, sehemu ya chini, lakini upinde ukiwa haujafungwa upote lazima upite kwenye pete yenye tundu la sentimita 12.2. Ndiyo, sawasawa na duara la kumi. Kwao kila gramu iko karibu na mkono, kwa hiyo hesabu ya umbali haiwasaidii na wanalazimika kubeba uzito mkubwa kwa faida ndogo. Nawaheshimu sana.

Watoto na wanaoanza. Hapa nitakuwa mkali kidogo. Mtoto mwenye upinde mwepesi hahitaji V wala vyuma. Mpeni kwanza mkao, bega lililoshuka, kiganja kilichotulia. Mishale yake ikianza kukusanyika, mpeni ufito mmoja mwepesi, mfupi kidogo, bila chuma nchani au na wakia moja. Kocha anayemfungia mtoto seti kamili ili apendeze kwenye picha anamfundisha kukunja mgongo nyuma ili kuubeba upinde, na mgongo huo utamchukua mwaka mzima kuunyoosha. Fito za pembeni zitamngoja. Haziozi.

Matunzo hayana mengi. Skrubu zinalegea kwa mtetemo, hivyo kaza kwa vidole kila baada ya raundi chache. Siyo kwa spana na nguvu zote, maana utaharibu uzi wa mpini, na mpini ni ghali kuliko ufito. Usiusimamishe upinde kwa kuuegemeza juu ya ufito wa mbele. Kaboni iliyopasuka hata kwa ufa mwembamba iweke kando, nyuzi zake zinachoma kama miiba na ufito wenyewe unaweza kuvunjika. Na ukiwa unajaribu mizani ya fito mpya, usije ukavuta na kuachia upote bila mshale ili uone upinde unavyoanguka. Hiyo nguvu yote itarudi kwenye mabawa, na yanaweza kupasuka usoni pako.

Nimewaletea fito nne za urefu tofauti na mkoba wa vyuma vya wakia moja. Zimepangwa pale mlangoni, pamoja na karatasi za kuandikia. Tutakwenda uwanjani kwa makundi, wa kompaundi upande wa kushoto ili fito zao za nyuma zisigombane na V zetu. Kabla ya hapo, mkono ulioinuka pale kwenye safu ya tatu: uliza.